Pengo la Namba Kumi na Moja

Mwinjuma hakuwa na saa ya mkononi wala ya ukutani. Hakuwa na kiti chenye mgongo. Hakuwa na baba aliyejua kusoma, wala picha ya baba huyo. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Hakuwa na jino la kutafunia upande wa kushoto, hakuwa na kanzu ya pili, hakuwa na mtu wa rika lake wa kumwita Mwinjuma bila kutanguliza Mzee. Hakuwa na mazoea ya kuomba radhi, na hilo hakulihesabu miongoni mwa mapungufu yake. Na kwenye rafu yake, safu ya katikati, baina ya namba kumi na namba kumi na mbili, hakuwa na kitabu.

Mahali pa kitabu hicho palisimama kibao cha mninga, kimekatwa kwa unene uleule wa kitabu, kimepigwa msasa mpaka kikalainika, na ubavuni pameandikwa kwa penseli: Pazi. Ndiyo ilikuwa desturi ya mji ule. Ukiazimisha kitabu huachi pengo likae wazi, maana vitabu vinavyobaki huegemeana na kulala kama watu waliochoka kumngoja mwenzao. Unachonga kibao, unaandika jina la aliyeazima, unakisimamisha. Kitabu kikirudi, kibao kinatiwa jikoni. Kibao cha Pazi kilikuwa kimesimama miaka thelathini na mmoja.

Mji wenyewe haukuwa na jina. Watu walisema majina yote yaliyokuwapo yaligawiwa wakazi, mji ukakosa. Haukuwa na wakati mmoja pia, kwani kila nyumba ilikaa na saa zake. Uliweza kutoka nyumba ambako ni asubuhi na uji uko motoni, ukavuka uchochoro, ukaingia nyumba ambako wameshakula cha mchana na kuoga. Walipoalikana hawakusema njoo saa kumi. Walisema njoo kwangu ukaukute wakati wangu. Nyumbani kwa Mwinjuma ilikuwa alasiri daima, ile alasiri ambayo jua huingia mlangoni kiubavu, likapanda ukutani mpaka kwenye vitabu, likakaa hapo. Mkewe, Bi Siwema, alikwishazoea. Alianika nguo bila haraka na hakuwahi kuunguza kitu kwa kusahau wakati.

Jina la utotoni, katika mji ule, ni la kuazima tu. Mtu akitimiza miaka sabini, Nyumba ya Majina humtuma Msomaji wa Rafu. Msomaji hakuulizi ulizaliwa wapi wala ulifanya kazi gani. Hukaa mbele ya vitabu vyako akavisoma vyote kwa pamoja, kama usomavyo uso wa mtu, kisha huenda kuandika ukutani, kwa rangi isiyofutika, kwamba jina lako sasa ni lako. Asiyestahili huandikwa Fulani. Na Fulani hapelekewi barua, maana barua haina pa kuandikwa. Hatajwi watu wanaposhukuriwa. Akifa huombolezwa kwa jumla. Aliyekaa na kitabu cha mwenzake zaidi ya miaka kumi huandikwa Fulani, na ushahidi unaotakiwa ni kibao tu na neno moja la mwenye rafu. Aliyesimamisha kibao cha uongo huchukua nafasi ya yule aliyemfutisha.

Pazi alimtangulia Mwinjuma umri kwa miaka miwili. Zamu yake ilipofika, Msomaji alipita nyumba za mtaa akiuliza juu ya vibao. Alipofika kwa Mwinjuma akauliza kama yule bwana alikwisharudisha kitabu alichoazima. Mwinjuma hakutoka hata kwenye mkeka. Alisema, “Bado.” Siku hiyohiyo Pazi akawa Fulani.

Neno moja. Lina uzito gani neno moja? Mwinjuma alijiuliza mara nyingi katika miaka hiyo miwili, na kila mara alijijibu kwamba neno la kweli halina uzito, hujibeba lenyewe.

*

Sasa tuitazame rafu, kwa sababu ndiyo iliyokuja kusomwa.

Ilikuwa na safu tatu na namba ishirini na nne. Mwinjuma aliitengeneza mwenyewe kwa mapande aliyopewa kiwandani, alikofanya kazi ya kupima mbao maisha yake yote. Vitabu vyote alivivika nguo ya aina moja: karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, iliyokung’utwa, ikapigwa pasi ya mkaa, ikabandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo. Juu ya kila kimoja aliandika namba, asiandike jina la kitabu. Wageni walipomuuliza atavijuaje, aliwaambia kwamba mtu asiyejua vitabu vyake mpaka vimwambie majina yao, huyo ni mwenye duka. Yeye alivijua kwa kiganja. Namba tatu kilikuwa kizito upande wa chini, kwa sababu ya ramani. Namba nane kilinuka asali, ingawa kilieleza nyuki bila kuwa na tone la asali ndani yake.

Alivipenda kwa namna tofauti, kama apendavyo mtu viungo vyake. Namba moja, cha hesabu, alikipenda kwa kuwa hakikuwahi kumdanganya, hata siku alizotamani kudanganywa. Namba tano kilisimulia mtu aliyezunguka dunia nzima bila kutoka chumbani mwake. Hicho kilimfundisha kukaa. Namba nane kilimfundisha kwamba mzinga hauna bwana, kwamba hata malkia ni mfungwa wa wanaomlisha, na kuanzia siku alipokimaliza hakuweza tena kumwogopa msimamizi wa kiwanda. Namba ishirini kilieleza nyota, kikakosa ukurasa wa mwisho, naye alishukuru, maana alihisi ukurasa ule ungezimaliza. Kila alipokifungua kimojawapo, nyumba ile iliacha alasiri yake kwa muda ikarudi kwenye saa aliyokisoma mara ya kwanza: akifungua hesabu, mikono yake ilipata malengelenge ya ujana, akifungua nyuki, Siwema aliyekuwa uani alisikika akimbembeleza mtoto ambaye sasa ni mama wa watoto wanne. Mwinjuma aliona huo ndio utajiri. Wengine wana umri mmoja unaosonga mbele. Yeye alikuwa na umri ishirini na tatu uliopangwa wima, auchague autakao.

Ishirini na tatu, si ishirini na nne. Mwinjuma aliyemkosa ni yule wa miaka ishirini na saba, aliyekaa ndani ya namba kumi na moja.

Hicho ndicho alichokipenda kuliko vyote. Kilitoka shule ya jioni, darasa la watu wazima, ambako wanafunzi wawili waligawana kitabu kimoja na benchi moja. Mwenzake wa benchi alikuwa Pazi, aliyechimba mifereji ya mji mchana na kuja darasani jioni na miguu iliyooshwa lakini isiyotakata. Masomo yalipokwisha mwalimu aliwapigisha kura, Mwinjuma akashinda kitabu. Ndani yake, ukurasa wa arobaini, kulikuwa na maneno yaliyomfanya awe mtu: Simama pale ambapo jina lako bado halijafika, ulingoje. Aliyasema kwa msimamizi siku alipokataa kupima mbao kwa futi la uongo. Aliyasema kwenye harusi ya binti yake, Mwavita, wageni wakayarudia. Mtaani walimjua kwayo. Wakimwona anapita walisema, huyo ndiye wa maneno ya kitabu.

Miaka thelathini na mmoja iliyopita Pazi alikuja kuomba kukisoma tena. Alikuja siku ambayo Mwinjuma alikuwa akivivika upya vitabu vyote, vimetandazwa mkekani, majalada yamekatwa na kuandikwa namba tayari. Mwinjuma alikivika kile namba kumi na moja mbele yake na kumpa papo hapo, gundi ikiwa bado mbichi. Alizoea kulitaja jambo hilo kama ushahidi wa moyo wake: nilimpa gundi ikiwa bado mbichi. Pazi hakurudi. Baada ya mwaka Siwema alitumwa kukidai, akarudi na jibu fupi kwamba aje mwenyewe akichukue. Mwinjuma hakwenda. Mtu hafuati chake kama ombaomba. Pazi naye akaacha kumsalimu, mama yake Pazi akafa Mwinjuma asihudhurie mazishi, na kibao kikazidi kulainika kwa kuguswa na macho.

*

Msomaji alikuja siku Mwinjuma alipotimiza miaka sabini. Alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Tunu, amejifunga leso kichwani kama mtu aendaye shamba, na mkononi ana kigoda chake. Alipovuka kizingiti alisita kidogo, macho yakizoea alasiri, kwa kuwa mtaani aliacha asubuhi.

“Shikamoo, Mzee Mwinjuma.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Rafu ni hiyo, na pengo ni lile. Mlikwishaliandika.”

Tunu akaketi. Alitazama rafu kwa muda mrefu, akaikubali chai, akaisahau. Kisha akaeleza kwa upole kwamba vitabu havisomwi vikiwa na nguo; itabidi vivuliwe. Mwinjuma alikataa. Akasema majalada yale ni kazi ya mikono yake na ni sehemu ya rafu. Tunu akasema hata ganda la ndizi ni sehemu ya ndizi. Siwema, aliyekuwa mlangoni na beseni la nguo, akacheka mpaka akaliweka chini, na kabla mumewe hajapata jibu alikwishaleta wembe.

“Toa moja moja, Baba Mwavita,” akasema. “Mimi nitakata. Mikono yako ina hasira, utakata na kitabu.”

Wakaanza. Karatasi iliachia kwa sauti kavu na unga wa saruji wa miaka mingi ukaelea ndani ya mwanga. Kitabu kimoja baada ya kingine kilijitokeza na rangi yake, buluu, nyekundu, kijani cha majani ya mgomba, na Mwinjuma akajikuta akiona haya kama mtu anayeangalia watu wazima wakiogeshwa. Alikuwa amesahau kwamba cha nyuki kilikuwa cheusi. Alikuwa amesahau kwamba cha mtu asiyetoka chumbani kilikuwa na picha ya mlango.

Walipofika namba kumi na saba alisema hicho wakiruke, si kitu. Kilikuwa ni Kanuni za Mifereji ya Mji, zawadi aliyopewa shule ya jioni. Hakueleza kwamba zawadi ile ilikuwa ya kuhudhuria bila kukosa, si ya kufaulu, na kwamba kwa sababu hiyo hakuwahi kukifungua hata mara moja. Alikiweka tu, kwa kuwa zawadi haitupwi. Lakini Siwema alikuwa amekwishapitisha wembe.

Kitabu kilichotoka kilikuwa cha rangi ya udongo, na pembe moja ya jalada imeliwa na panya.

Mwinjuma aliijua pembe ile. Aliijua kwa kiganja. Panya yule alikuwa wa nyumba ya kwanza aliyopanga, kabla ya kuoa.

Siwema alishika karatasi yenye namba kumi na saba mkono mmoja, wembe mkono wa pili, akimtazama mumewe na si kitabu. Mwinjuma akakipokea. Unene uleule, urefu uleule; vyote viwili vilitoka kiwanda kimoja cha chapa, mwaka mmoja, kwa ajili ya darasa moja. Alikigeuzageuza katika kile kiganja alichojisifia.

Vimetandazwa mkekani.

Majalada yamekatwa na kuandikwa namba tayari.

Gundi ikiwa bado mbichi.

Akakifungua.

Alasiri ikaondoka. Ukuta ulirudi nyuma, taa ya chemli ikawaka darini, na benchi likamgusa mapajani. Alikuwa na miaka ishirini na saba, shati lake limepauka kwa unga wa mbao, na upande wa kulia alihisi kiwiko. Hakugeuka, kwa kuwa darasani huruhusiwi kugeuka, ila aliinusa miguu iliyooshwa isiyotakata. Mlangoni alisimama msichana mwenye beseni, ambaye bado hawajajuana naye, akamuuliza, “Unamtafuta nani?” naye akajibu kwamba anatafuta ukurasa wa arobaini. Mkono wa jirani yake ukaufunua. Wao walifunua hivyo siku zote: Mwinjuma alisoma kwa sauti, Pazi alifunua kurasa.

Ukurasa wa arobaini ulieleza namna ya kuotesha miche ya katani. Aliusoma mpaka chini, neno kwa neno, kwa ukaidi wa mtu anayepima ubao mara ya tatu. Maneno yake hayakuwamo. Hayakuwamo ukurasa wa thelathini na tisa wala wa arobaini na moja. Kilikuwa kitabu cha kilimo, kizuri, cha wazi, kisicho na falsafa yoyote. Kisha akaona pembeni, nje ya chapa, mstari wa penseli umeandikwa kutoka chini kwenda juu, kwa mwandiko unaopanda kama mtu anayetoka shimoni: Simama pale ambapo jina lako bado halijafika, ulingoje. Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: Kwa Mwinjuma, siku nitakayochelewa darasani. Pazi. Aliyasoma mara moja tu, akayabeba kichwani, na kichwani penseli na chapa hufanana.

Tujiulize hapa, kwa sababu yeye alijiuliza, na benchi lile halina pa kwenda. Mtu ni yale aliyoyasoma, au ni yale anayodhani aliyasoma? Kama kitabu kilichomfanya hakikusema kilichomfanya, nani basi amefanywa? Miaka arobaini na mitatu alitembea ndani ya sentensi ya mtu mwingine, akaivaa harusini, akajikinga nayo mbele ya msimamizi, akaitwa kwayo mtaani, na mwenye sentensi akawa Fulani kwa neno lake moja. Na huyo Fulani alipotaka kuisoma tena sentensi yake mwenyewe, alikuja kwa heshima, akabisha hodi, akapewa Kanuni za Mifereji. Alipewa na rafiki yake, mbele ya macho yake, yeye aliyeshinda matopeni tangu asubuhi. Aliifungua karatasi nyumbani kwake akasoma nini? Akasoma kwamba rafiki yake anamwona wa mifereji. Aje mwenyewe akichukue. Sasa Mwinjuma aliisikia sauti yenyewe ya maneno hayo, sauti ya mtu aliyetukanwa akatoa nafasi moja ya mwisho.

Akakifunga kitabu. Alasiri ikarudi, na msichana wa mlangoni alikuwa Siwema.

“Thelathini na mmoja,” Siwema akasema taratibu. “Ungekwenda kwa magoti, Baba Mwavita, ungekuwa umerudi zamani.”

*

Tunu alikinywa kikombe cha chai kilichopoa mpaka mwisho, labda ili awape muda. Kisha akasema kile ambacho alilazimika kukisema, akakisema akiwa ameangalia rafu.

“Mzee, mimi nasoma kilichopo. Kibao kinasema Pazi ana kitabu chako, na kitabu chako anacho. Kibao hakisemi ni kipi. Rafu hii ni nzuri. Nikitoka hapa nakwenda kuandika Mwinjuma, na rangi inakauka kabla ya magharibi ya kwetu.”

“Na yeye?”

“Yeye ameshaandikwa. Ukuta hauulizwi.”

Basi jina lilikuwa pale, limesogezwa mbele yake kama sahani. Mwinjuma alilitamani, tusimsingizie uungwana asiokuwa nao. Alilitamani kwa miaka yote ambayo watu wa shule ya mchana walimsahihisha mbele ya wenzake, kwa baba yake aliyetia dole gumba kila mahali, kwa kila usiku wa kusoma huku macho yakiuma. Aliona ukuta mweupe na jina lake limekaa wima. Aliona pia, kama uonavyo kosa katika hesabu safi, kwamba jina lile lingesomwa na wote isipokuwa yeye. Yeye kila akipita pale angesoma Bado.

Akauliza jina hurudishwaje.

Tunu akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu na si kama rafu. Alieleza kwamba Nyumba ya Majina haipokei toba ya mtu mkononi. Mkosaji humwandikia aliyekosewa barua, akikiri kosa lote kwa mkono wake, na anuani iwe jina kamili lililofutwa. Aliyekosewa akiipata anayo hiari: aipeleke Nyumba ya Majina, majina yabadilishane nafasi, au amsamehe na waandikwe wote wawili, au aitumie kuwashia jiko, mambo yakae yalivyo. Nyumba haimhimizi.

“Na mimi, hapo katikati?”

“Huandikwi. Si Mwinjuma, si Fulani. Wapo waliongoja miaka. Wapo waliokufa hapo katikati, Mzee, sikufichi.”

“Andika basi kwamba sikuandikwa,” Mwinjuma akasema. Akasimama, na magoti yakalia. “Mama Mwavita, kuna unga wa muhogo?”

“Upo. Unataka kula saa hizi?”

“Nataka gundi.”

Tunu akachukua kigoda chake. Mlangoni akarudi nyuma, akaomba ruhusa ya kugusa pembe iliyoliwa na panya, akaigusa, akaenda zake kwenye asubuhi aliyoiacha mtaani.

*

Aliandika akiwa amekaa mkekani, daftari juu ya goti. Rasimu ya kwanza ilikuwa ndefu na ilieleza sana kuhusu kufanana kwa vitabu, unene, urefu, kiwanda cha chapa. Akaisoma, akaona ni ya mtu anayejitetea, akaichana. Ya pili ilikuwa na maneno makubwa. Akaichana pia. Ya tatu aliiandika kama alivyofundishwa shuleni jioni, kila sentensi na kazi yake, na Siwema akamwomba amsomee akiwa anakoroga gundi.

“Pazi ndugu yangu. Kitabu ulichoniomba hukukipata. Nilikosea majalada nikakupa cha mifereji, nami sikujua mpaka leo, kwa sababu hicho cha mifereji nilikionea haya nikawa sikifungui. Sikukutukana, lakini nilikufutisha. Niliulizwa juu yako nikasema Bado, na sikutoka mkekani. Maneno ya ukurasa wa arobaini niliyasema mbele za watu miaka arobaini na mitatu kama ya kitabu. Ni yako. Nitawaambia. Ulisema nije mwenyewe nikichukue. Nitakuja, nawe nitakuletea chako. Barua hii ifanye utakavyo. Sikuombi uharakishe.”

“Umesahau kuomba radhi,” Siwema akasema.

“Si imo yote?”

“Imo yote isipokuwa hiyo.”

Akaichukua tena kalamu. Neno hilo hakuwahi kuliandika. Alipoliandika lilichukua nafasi ndogo sana, chini kabisa, na kalamu haikuvunjika. Mahali pa sahihi hakuweka kitu.

Bahasha aliikata kutoka jalada lenye namba kumi na saba, upande wake wa ndani ukawa nje, safi, bado una vumbi jembamba la saruji kwenye mikunjo. Kwa mbele aliandika jina lile ambalo halikuwapo tena ukutani, kwa mwandiko wake bora: Pazi Mkambala, nyumba ya mwisho, chini kwenye mifereji. Akapaka gundi kwa kidole, akakunja ulimi wa bahasha, akaukandamiza kwa kibao cha mninga, akahesabu mpaka mia moja kama alivyofanya kwa kila kitabu. Kibao kilipotoka, jina la penseli lilikuwa limeacha kivuli chake juu ya gundi iliyotoka pembeni. Kisha akampa Siwema kibao, naye akakitia jikoni.

Mji ule haukuwa na mpelekaji barua. Barua ilipitishwa dirisha kwa dirisha, jirani kwa jirani, na kila mmoja aliisoma anuani ili ajue aielekeze wapi. Hapakuwa na barua ya siri. Mwinjuma alifungua dirisha akamgongea Bi Mwanamvua wa nyumba ya pili, ambako ilikuwa adhuhuri na watu walikuwa wakila. Bi Mwanamvua alifuta mkono, akaipokea, akaisoma anuani, asiipitishe.

“Mzee Mwinjuma, jina hili halipo ukutani.”

“Najua.”

“Itarudishwa. Dirisha la tatu au la nne wataigomea.”

“Waambie jina lipo. Mimi ndiye niliyelifuta, nami ndiye ninayelirudisha. Anayetaka kugoma aje aniulize, niko hapa hapa.”

Bi Mwanamvua aliigeuza upande wa nyuma, kwenye nafasi ya mtumaji, akaona weupe mtupu. “Na hapa mbona hujaandika wewe nani?”

“Yeye ndiye atakayesema.”

Mwanamke yule alimtazama, kisha akatazama nyuma ya bega lake, kwenye rafu yenye rangi zote wazi na pengo jeusi, halisi, lisilo na kibao. Alivuka chumba chake na barua mkononi, akainama kwenye dirisha la upande wa pili, na Mwinjuma akamsikia akilisema jina lote kwa sauti, Pazi Mkambala, chini kwenye mifereji, na mtu wa nyumba ya tatu, ambako ilikuwa asubuhi, akilirudia ili ahakikishe. Kisha mtu wa nyumba ya nne. Barua iliteremka mtaa ule ikipita nyakati za watu, chai na chakula na usingizi wa mchana, jina likitajwa kila dirisha, kila mara kwa mbali zaidi, naye akabaki amesimama pale, gundi inakauka vidoleni.